Rangi inayofifia kabla DNA haijaachana

Leo naweka kando mambo ya tovuti, kwa sababu rafiki yangu wa maabara ameniletea faili yenye safu mbili: halijoto na mwangaza. Anataka programu ya kumwambia ni digrii ngapi nusu ya DNA yake inapoachana.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukizipasha joto zinaachana, na wenyewe huita hali hiyo kuyeyuka, ingawa si kama siagi kwenye kikaango. Rangi ya SYBR Green ikimulikwa hung'aa sana inaposhika nyuzi mbili, na zikiachana hufifia. Mwangaza ukishuka, DNA inaachana. Rahisi, sivyo?

Sasa tazama namba zenyewe. Tangu digrii 60 mwangaza unateremka polepole, na DNA hii haiachani mpaka 80 na kitu! Anayeupunguza ni joto lenyewe. Molekuli ya rangi ikishameza mwanga, ama huutoa tena, ama hupoteza nguvu hiyo kwa kutikisika na kugongana na maji. Joto likizidi, kutikisika kunashinda. Tena rangi hulegea kwenye DNA. Kila rangi ina tabia yake: rhodamine B hupoteza karibu asilimia 2 kwa kila digrii, hata watu huitumia kama kipimajoto. Na ukishuku kwamba rangi imechakaa kwa kumulikwa mno, poesha sampuli. Kilichopunguzwa na joto hurudi, kilichochakaa hakirudi.

Kwa hiyo programu yangu haitafuti nusu ya mwangaza wa mwanzo. Inachora mstari ulionyooka kwenye mteremko wa kabla ya kuachana, mwingine kwenye ule wa baadaye, kisha kila digrii inauliza: mwangaza uko wapi kati ya mistari hii miwili? Ukifika katikati, hapo ndipo. Wengine huchora kasi ya kushuka na kusoma kilele, njia nzuri pia, maana mteremko wa rangi hukisogeza kidogo tu.

Mbona nahangaika hivi? Rafiki yangu anatafuta selimundu. Katika jeni ya hemoglobini, herufi moja tu, A, imekuwa T, na badiliko la A kwa T ndilo gumu zaidi kuliona kwa njia hii: halijoto ya kuachana husogea chini ya nusu digrii. Mteremko wa rangi usipoondolewa unaweza kusogeza jibu kuliko hapo. Faili ya pili imefika jana, sampuli 96, na usiku wa leo naiendesha.