Kutoka stesheni ya Shinyanga hadi Kaboya

Treni za wanajeshi hazikuwa na ratiba. Mwaka 1978 nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Shinyanga. Shirika la Reli Tanzania lilikuwa bado changa, limeundwa mwaka uliotangulia baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na kazi yetu ilikuwa ya kawaida: abiria wa Mwanza na Tabora, marobota ya pamba, mabehewa ya ng'ombe. Novemba ilipoingia mambo yakabadilika. Simu ikilia usiku wa manane kutoka Isaka tulijua la kufanya. Treni ya mizigo inaondolewa njiani, njia inaachwa wazi, na baada ya muda kinapita kichwa kinachovuta mabehewa yaliyofunikwa maturubai, kuelekea Seke, Malampaka, Bukwimba, Fela, hadi ziwani.

Sababu tuliijua wote. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa kutoka ukumbi wa Diamond Jubilee. Sisi tulimsikiliza kwenye redio ya duka lililokuwa mbele ya stesheni, watu wamesimama hadi barabarani. Alipomaliza hapakuwa na makelele. Wanaume waliondoka wakizungumza chini chini, na wiki ile ile majina ya mgambo yakaanza kuitwa vijijini.

Jeshi letu lilikuwa dogo. Kwa kuwaita mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, likapanuka hadi kupita watu 100,000 ndani ya miezi michache. Shinyanga ilitoa vijana wake, ikatoa na ng'ombe. Mimi ndiye niliyeandika hati za mabehewa yale ya mifugo iliyochangwa kulisha askari, na sijapata kuona tena Wasukuma wakitoa ng'ombe bila kubishana bei.

Mama mmoja wa Kizumbi namkumbuka hadi leo. Alikuja na mfuko wa michembe, umefungwa kwa kamba ya katani, akiwa amesikia kwamba kundi la mwanawe litapita usiku ule. Treni ilisimama kwa muda mfupi mno. Alikwenda behewa hadi behewa akiita jina, na kila mlango ulijibu, "Mwangaluka, mayu," ingawa ilikuwa usiku na hiyo ni salamu ya asubuhi. Mwanawe hakumwona. Mwishowe alimpa mfuko askari wa kwanza aliyenyoosha mkono, akamwambia ale yeye, mtoto ni mtoto. Kijana wake hakurudi.

Miezi ya mwanzo ya mwaka 1979 treni zilianza kurudi na majeruhi, na ndipo jina la Silas Mayunga likawa linatajwa jukwaani kila siku. Alikuwa Brigedia, mkuu wa Brigedi ya 206, mtoto wa Usukuma, na askari walimwita Mti Mkavu. Kwa watu wa huku hilo lilikuwa jambo kubwa. Tulizoea kusikia habari za wakubwa wa jeshi kama habari za watu wa mbali, sasa alikuwepo mmoja ambaye wazee wangeweza kumsalimia kwa lugha yao. Mwishoni mwa Februari Masaka ilianguka, na Mbarara ikaanguka kwa brigedi yake pamoja na Brigedi ya Minziro. Majeruhi walisimulia kwa fahari jinsi walivyoingia Mbarara, na baadhi yao walisimulia pia jinsi majengo ya mji yalivyolipuliwa baada ya ushindi, kulipiza ya Kagera. Hilo nalo ni sehemu ya vita, na si haki kulificha.

Mayunga akapandishwa kuwa Meja Jenerali na kupewa kikosi maalumu cha upande wa magharibi. Watu wengi wanaijua njia ya Kampala: Lukaya, ambako tarehe 10 na 11 Machi majeshi yetu yalipambana na askari wa Amin pamoja na Walibya, kisha Entebbe, kisha Kampala yenyewe tarehe 11 Aprili. Njia ya Mayunga haisimuliwi sana. Ilikuwa ndefu, ya milima na misitu, kutoka Mbarara kupanda Fort Portal na kuendelea hadi West Nile, nyumbani kwa Amin mwenyewe. Vita vilikwisha rasmi kule, tarehe 3 Juni, askari wetu walipofika mpaka wa Sudan.

Vita vya angani vilitugusa pia. Huko Musoma, mwanzoni kabisa, mizinga yetu ya kutungulia ndege iliangusha ndege tatu za kivita za Tanzania kwa kudhani ni za adui. Habari hiyo tuliipata kwa minong'ono tu wakati ule. Ile ya Machi 29 haikuhitaji minong'ono: ndege ya Libya aina ya Tu-22 ililenga bohari ya mafuta Mwanza, ikakosa, makombora yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala. Usiku ule tulifanya kazi kwa taa moja iliyofunikwa gunia. Siku chache baadaye ndege zetu zikajibu kwa kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Baada ya vita Mayunga alifika cheo cha Luteni Jenerali, akaiwakilisha nchi kama balozi, na akafariki Agosti 2011. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 na baadaye kuwa Mkuu wa Majeshi, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, akazikwa kwao Butiama. Makaburi ya wakubwa hawa yana watu wa kuyatunza, na wanastahili.

Makaburi ninayoyafikiria mimi ni yale ya Kaboya, wilayani Muleba. Huko ndiko walikozikwa mashujaa wengi wa vita vya Kagera, kwa safu, kila mmoja na msalaba wake au alama yake. Hesabu iliyotolewa baada ya vita ilitaja askari 373 wa Tanzania waliokufa, na kati yao waliouawa na ajali na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kifo cha ajali ya lori njiani kwenda Bukoba ni kifo cha vita, kama kile cha Lukaya. Nilipofika Kaboya nilisoma majina taratibu, na mengi yalikuwa ya kwetu. Ng'wana fulani, Ng'wana fulani. Ndugu zao wengi hawakuwahi kufika, maana safari ya kutoka Shinyanga enzi hizo ilikuwa kuvuka kwa kivuko, kulala njiani, na nauli ya kuuza mbuzi.

Siku hizi njia ni rahisi. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na basi linakatiza Geita na Biharamulo bila kusubiri kivuko. Kila Julai 25 tunaadhimisha Siku ya Mashujaa kwa gwaride na hotuba. Nawaomba walimu wakuu wa Shinyanga, Kahama, Maswa na Geita: mwaka mmoja tu, badala ya gwaride la uwanjani, wapakieni wanafunzi kwenye basi muwapeleke Kaboya. Wabebe daftari. Kila mmoja aandike jina moja la mtu wa wilaya yake, arudi nalo, aulize vijijini ni wa ukoo gani. Wazee wanaoweza kujibu swali hilo bado wapo, lakini ni wachache, na umri wetu umekwenda.