Usiende Kikaoni Peke Yako

Voi

Mpendwa Zawadi,

Nimepata habari kwamba shule huko Minneapolis imekuita kikao cha kumjadili mwanao Baraka, nawe umeshaamua kuwa watakalosema walimu ndilo hilo.

Hapo nakuzuia. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu hadi kumuuliza swali tunaona ni utovu wa adabu. Huko, mama akiitikia kwa kichwa wanajua amekubali. Mezani utawakuta watu watano au sita, wote wa shule, na rundo la karatasi za mpango wa elimu maalumu wa mtoto, ule wanaouita IEP. Huenda ni watu wema, ila mwajiri wao ana bajeti yake.

Sheria iliyopitishwa 1975, ambayo leo inaitwa IDEA, inakuruhusu kuja na mtu anayemfahamu mtoto au mwenye ujuzi wa mambo haya. Si lazima awe wakili. Mtetezi asiyelipwa na shule haoni haya kuuliza: "Hizi dakika thelathini za kusoma, atamfundisha nani? Akiwa peke yake au na wenzake wanane?" Watetezi wengine hutoza, tena si kidogo, kwa hiyo anza na kituo cha PACER, hapo karibu na mji wenu. Wanasaidia wazazi tangu miaka ya 1970 na hawawadai senti. Kila jimbo la Marekani lina kituo cha namna hiyo, na wenzetu wengi hawajui. Waambie akina mama kanisani, hasa yule ambaye mwanawe anasukumiwa elimu maalumu kwa kuwa Kiingereza bado kinampiga chenga. Kisheria, hilo peke yake si ulemavu.

Omba mkalimani mapema, kwa maandishi. Shule ndiyo inayomlipa. Usimtwike binti yako kazi hiyo, hata kama siku hizi anaongea Kiingereza cha puani.

Mpango wa kwanza hauwezi kuanza bila sahihi yako. Mabadiliko yatakayofuata ni jambo jingine: Minnesota inakupa siku 14 za kupinga kwa maandishi, na ukinyamaza wanaendelea. Basi zichukue karatasi, msome nyumbani na mtetezi, ndipo ujibu. Na kama mtetezi hana nafasi siku ya kikao waliyopanga, omba tarehe nyingine. Kikao kinatakiwa kiwe wakati mliokubaliana nyote.

Baba yako anakusalimu.

Shangazi yako,
Mkamburi