MZEE ALIYERUDI KUTOKA INDIA (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko mezani. Tuendelee.

Niliishia pale Mzee alipoingia kliniki akitembea mwenyewe, wiki 3 tu tangu atoke India. Aota yake, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ilikuwa imetanuka tumboni. Tyubu ya baiskeli ikichoka sehemu moja inatoa puto, si umeshaona? Ndivyo hivyo. Likipasuka, wengi hawafiki hospitali. Kwa mwanaume, likifika sentimita 5.5 kwa kawaida madaktari wanaanza kuzungumzia kulirekebisha.

Puto la Mzee lilipanda hadi pale mishipa ya figo inapoanzia. Ukiweka bomba la kawaida hapo, umeziba figo. Akatengenezewa bomba la kitambaa na waya lenye vidirisha vya mishipa hiyo, likapitishiwa kwenye kinena. Tumbo halikupasuliwa. Vidonda viwili vidogo, basi.

Nikabandua plasta, nikaona pamekauka, nikamwambia, "Mzee wangu, umepona!"

Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Siku za kwanza sisi manesi tunazijua. Kila saa unamwambia mgonjwa asogeze vidole vya miguu, maana uti wa mgongo ukikosa damu anaweza kupooza. Unapima mkojo, unalinda presha isishuke. Ila miaka ya mbele sikuifikiria. Uingereza waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 10 wagonjwa wa puto la kawaida, hata si gumu kama la Mzee. Ndani ya siku 30 za mwanzo walifariki 1.7 kwa kila 100 waliowekewa bomba, na 4.7 kwa waliopasuliwa. Safi kabisa. Baada ya miaka 8 mambo yakageuka: waliopasuliwa ndio wakawa wanafariki wachache. Bomba linaweza kuhama, damu ikavuja pembeni, puto likaendelea kukua kimya kimya bila maumivu. Ndiyo maana kipimo cha CT ni cha maisha yote.

Mzee hakurudi miaka 2. Alikuja na maumivu ya mgongo, na pakiti ya sigara mfukoni.

"Baba, mbona hukuja kupiga CT?"

Akanitazama, wala hakuwa na hasira. "Sista, si wewe ulisema nimepona?"

Jamani. Karatasi ya India ilikuwemo kwenye faili siku ile ile, tarehe zote zimeandikwa, kwa Kiingereza. Sikuisoma.

CT ilionyesha damu inavuja na puto limekua. Familia ikauza kiwanja, akarudishwa India, akaongezewa kipande kingine. Yuko hai. Figo moja inasuasua. Binti yake ndiye anayemleta kliniki. Salamu yangu anaiitikia kwa shingo upande, na simlaumu.

Siku hizi nasema "kidonda kimepona". Halafu naandika tarehe ya kipimo kijacho kwa Kiswahili, herufi kubwa, nawasomea mgonjwa na aliyemsindikiza.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kuna mzee aliyewekewa bomba hili, litoe faili lake kwenye mfuko wa rambo. Tafuta tarehe ya CT. Kama imepita, mlete wiki hii, hata kama anacheza bao vizuri tu.

Sehemu ya 5 ni Jumatatu, nikiwa off.