Kamba ya Mafundo

Sisi tuliozaliwa katika nyumba za wawindaji na warina asali, kusini-magharibi ya Tabora, tulijifunza kuhesabu kwa kamba kabla hatujajifunza kuhesabu kwa chaki.

Kila mwaka, mvua zilipokoma na majani ya porini yalipokauka, baba zetu waliondoka kuelekea upande wa mto Ugalla. Walichukua magobori, mashoka, madebe, chumvi na unga wa muhogo. Waliwinda kongoni, palahala na nyati, wakakausha nyama juu ya moshi. Na katika safari hiyo hiyo wakaikagua mizinga yao ya magome iliyotundikwa mitini. Safari ilichukua siku thelathini. Huko hapakuwa na posta wala simu. Palikuwa na mbung'o, simba na ukimya wa miombo.

Je, nyumba na mwenye nyumba waliwasilianaje? Usiku wa kuamkia safari, baba alisokota kamba mbili za magome ya mti, akapiga mafundo thelathini katika kila moja. Moja aliifunga kiunoni. Ya pili mama aliitundika juu ya kitanda chake. Kila jioni jua lilipotua, mama alifungua fundo moja mbele yetu, nasi tulijua kwamba saa ile ile, mbele ya moto mwingine, baba naye anafungua lake. Hakuna neno lililosemwa, lakini kila upande ulijua kwamba mwenzake anakumbuka. Fundo la mwisho likifunguka naye hajafika, wanaume wa kijiji walitoka kumtafuta. Hapakuwa na haja ya kubishana.

Mama naye alikuwa na miiko yake. Hakugombana na jirani, hakuuacha moto wa jikoni uzimike, wala hakulala nje ya nyumba yake. Wazee walisema kwamba ugomvi wa nyumbani humfikia mwindaji na kuutetemesha mkono wake. Msomi wa leo atauita huo ushirikina, nasi hatumlazimishi kuamini. Lakini na atazame kazi iliyofanywa na miiko ile: aliyebaki alishiriki hatari ya aliyekwenda, na mtu aliyekuwa porini alijua kwamba nyumba yake imetulia. Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba mzigo wa lawama ulimwelemea zaidi mwanamke. Mwindaji akikosa shabaha, mkewe ndiye aliyeulizwa kwanza. Jambo hilo hatulililii.

Tena utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake, nao tuliuona mwaka 1971. Fundo la kumi na moja lilipofunguliwa, ndugu yetu wa mwisho alishikwa na homa kali. Mama alimtuma mrina asali mmoja aliyekuwa akielekea huko. Yule akampa habari mwenzake, mwenzake akampa mwingine, na katika vinywa vitatu ugonjwa ukageuka kifo. Baba alitembea siku mbili na usiku wake. Aliingia uani amekwisha kunyoa nywele za msiba, akamkuta mtoto ameketi mkekani, anakunywa uji. Hakusema kitu. Aliketi kwenye kizingiti, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo aliongeza jambo. Mjumbe hakupewa maneno matupu; alipewa alama. Kijiti kilichounguzwa ncha moja kilikuwa na maana ya ugonjwa. Kilichounguzwa ncha zote mbili, msiba. Kinywa huweza kuongeza na kupunguza, lakini kijiti hufika kama kilivyotumwa.

Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, na ulipofunguliwa tena mwaka 1978 baba alikuwa amekwisha kuiweka chini bunduki yake. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla likawa Hifadhi ya Taifa. Yule mtoto wa homa sasa ni babu, naye hutundika mizinga katika misitu iliyo nje ya hifadhi. Ana simu ya mkononi. Kila jioni hupanda kichuguu kutafuta mtandao, na sauti yake hutufikia kana kwamba yumo chumbani. Twaishukuru simu hiyo: kama ingalikuwapo mwaka 1971, baba asingalinyoa nywele.

Lakini mwaka jana betri ilimwishia kwa siku tatu. Nyumba nzima haikulala. Wengine walisema ameliwa na simba, wengine wakataka kwenda polisi usiku ule ule. Tulipoulizana angerudi lini, hakuna aliyejua. Hakuwa ameagana na mtu siku ya kurudi, kwa kuwa alikuwa na simu.

Hapo ndipo tulipokumbuka kamba. Simu hupeleka sauti, bali utulivu wa nyumba hutoka katika miadi: siku inayojulikana, alama iliyokubaliwa, na mtu anayeihesabu. Ahadi ni deni, na kamba ile ilikuwa hati ya deni hilo. Safari hii ndugu yetu amekwenda na simu yake. Lakini kabla hajatoka, tulimwomba apige mafundo. Amepiga ishirini. Jana jioni mjukuu wake alifungua la tisa.