Mtu Mzima Kurudi Mkekani



Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja niliyemfundisha mwenyewe alifu na bee alinivuta kando ya msikiti. Alikuwa amerudi kutoka masomoni, naye ni hafidh. Akaniambia kwa adabu, "Niwie radhi, Maalim. Herufi ya dhad huitoi mahali pake." Nilimjibu kwa ukali, nikaenda zangu. Nimesomesha chuo zaidi ya miaka thelathini. Vipi mtoto niliyemshika mkono akiandika ubaoni aje kunifunza kusoma? Kwa majuma mawili nikawa nasali mbali naye.

Nyumbani nina mwana achoraye picha za matangazo. Kazi hiyo sikuipenda, wala sikumficha. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya kuchora viumbe vyenye roho: wengi wamekataza, wengine wameruhusu baadhi yake. Sikushika kalamu leo ili kutoa fatwa. Mwanangu aliponiona nimenuna, alikuja na kitabu chake kinene, akakaa chini mbele yangu, akasema, "Baba, nipe ruhusa nikusimulie habari za mtu mmoja."

Mtu huyo ni Richard Williams, aliyezaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1933, akafanya kazi miaka mingi London. Alikuwa akichora kwa mkono watu na wanyama wanaotembea katika sinema. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi hutumia mchoro mmoja kwa picha mbili, ili kazi ipungue. Yeye alipenda kila picha iwe na mchoro wake. Kwa hesabu hiyo, dakika moja yataka michoro 1,440. Tena yampasa mchoraji ajue mzee mwenye maumivu ya goti huinukaje, na mchukuzi wa mzigo hukanyagaje, hata mtazamaji amtambue mtu kwa mwendo wake kabla hajasema neno.

Filamu yake ya kwanza, The Little Island, aliitoa mwaka 1958, akiwa na miaka 25, ikasifiwa. Akafungua karakana, akaajiri watu, akapata jina. Kisha akaenda kutazama The Jungle Book, iliyotoka mwaka 1967, akatoka amefadhaika. Alitambua kwamba wazee walioichora walijua jambo asilolijua yeye.

Hapo ndipo nilipoinua kichwa kumtazama mwanangu.

Williams alimleta London mzee Ken Harris, aliyezaliwa mwaka 1898, na ijapokuwa yeye ndiye aliyemwajiri, alikubali kuwa msaidizi wake katika kuchora. Mwaka 1973 akamwalika Art Babbitt, mchoraji wa zamani wa Disney, aje kusomesha. Mwenye karakana akakaa pamoja na vijana wake kusikiliza. Mzee mwingine, Milt Kahl, alimwuliza kama husikiliza muziki akichora, akakaripiwa vikali kwamba akili moja haifanyi kazi mbili. Naye akalipokea karipio.

Wala elimu haikumkinga na msiba. Kwa Who Framed Roger Rabbit, ya mwaka 1988, alipata tuzo mbili za Oscar. Lakini filamu aliyoipenda kuliko zote aliianza mwaka 1964, kwa hadithi za Mulla Nasruddin, ambaye visa vyake Waarabu huvisimulia kwa jina la Juha, na vingine sisi wa pwani twampa Abunuwasi. Baadaye ikageuzwa ikawa The Thief and the Cobbler. Mwaka 1992, kwa kuchelewa kuimaliza, alinyang'anywa, wengine wakaikamilisha walivyotaka. Karibu miaka 30 ya jasho! Akageukia kusomesha, na mwaka 2001 akatoa kitabu, The Animator's Survival Kit, akaandika humo aliyofunzwa na wale wazee, na kuwataja kwa majina. Ndicho alichokishika mwanangu. Mwaka 2015, akiwa na miaka 82, alitoa Prologue, filamu ya dakika sita ya michoro ya mkono. Alifariki mwaka 2019.

Usiku ule sikulala vyema. Nilimkumbuka Nabii Musa (A.S.), aliyesafiri mpaka makutano ya bahari mbili kumtafuta mwenye elimu asiyokuwa nayo. Kisa hicho cha Suratul Kahf nakisomesha kila mwaka. Walakini kumbe mwenyewe sijakisoma.

Baada ya sala ya Alfajiri nilimwendea yule kijana, nikakaa mbele yake. Kwa haya alitaka kuinuka, nikamzuia. Sasa yapata mwaka. Ulimi wa mtu mzima ni mgumu, na siku nyingine hurudi nyumbani nimevunjika moyo. Lakini lililonielemea zaidi ni kuwakabili watoto wa chuoni. Niliwaambia, "Herufi hii nilikufunzeni kwa makosa. Leo tutaisoma upya, mimi pamoja nanyi." Nilidhani watacheka. Hawakucheka, walifungua misahafu yao.

Mwanangu sijamwambia kwamba naipenda kazi yake, kwani wasiwasi wangu haujaisha. Nimemwambia kuwa amenisomesha.

Basi enyi vijana, mkiona kosa la mkubwa wenu, mwambieni kwa adabu na kwa siri. Nasi wakubwa, tusione haya kurudi mkekani. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyafunza kwa kutojua. Amin.