Kuigiza Bila Maandishi

Dar es Salaam ya miaka ya 1990, mwisho wa wiki ulikuwa wa kugombania viti. Kikundi cha maonyesho cha TOT kiko ukumbi huu, kile cha Muungano ukumbi ule, na kiingilio kimoja kinakupa ngoma, sarakasi, taarab na kichekesho. Mimi nilikuwa mtu wa kichekesho. Waigizaji walikubaliana kisa tu, nani baba, nani mgoni, nani mwizi. Maneno waliyapata hukohuko jukwaani. Kwa akili yangu ya ujana, kazi ile ilitaka mdomo: mwenye jibu kali ndiye bingwa.

Imani hiyo nilikwenda nayo hadi London, nilipojiandikisha darasa la wanaoanza uigizaji wa papo kwa papo, kwenye chumba juu ya baa. Tukaanza kwa kurushiana mpira usiokuwapo. Michezo ya kitoto, na kweli ni ya watoto: mingi ya aina hiyo ilibuniwa na Viola Spolin, aliyefundisha watoto wa wahamiaji huko Chicago. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha ukumbi wa vichekesho wa Second City mwaka 1959.

Darasani alikuwapo mhasibu mmoja, mdomo kutushinda wote. Mwenzake akamlilia, “Daktari, mguu wangu umeota majani!” Akajibu, “Mimi si daktari, ni fundi bomba.” Tulicheka sana, na igizo likafia hapohapo. Mgonjwa hana daktari, hana mguu, amesimama tu. Mwalimu akawarudisha mwanzo. Safari hii mhasibu aliinama, akautazama mguu, akauliza, “Unaumwagilia asubuhi au jioni?” Basi hapo hawakushikika, hadi mbuzi wa jirani akaingia kwenye kisa.

Tangu siku ile vichekesho vya Dar navikumbuka kwa namna nyingine. Macho yamemhama mwenye jibu kali, yamekwenda kwa yule bwege aliyepigwa makofi kila wiki. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa pasi. Bila yeye bao halifungwi. Alisikiliza kila neno, akalikubali, akaliongezea ujinga. Jina lake silikumbuki, na sidhani kama wengi walilijua.

Sanaa ile haikuandikwa, kwa hiyo imo vichwani mwa waigizaji wale tu. Vyuo vyetu vya sanaa viwaite walio hai wafundishe, tena kwa malipo.