Oosterbeek: Kijiji Ambako Jina la Askari Lingali Linatafutwa

Katika reli itokayo Utrecht kwenda Arnhem, mashariki mwa Uholanzi, treni za haraka hazisimami Oosterbeek. Anayekwenda huko hupanda treni ndogo isimamayo kila kituo, akateremka mahali penye miti mirefu na utulivu mwingi. Ukielekea kaskazini, baada ya mwendo mfupi wa miguu, unafika kwenye makaburi ya vita. Ukielekea kusini unakuta kijiji chenyewe, na ng'ambo ya kijiji mto Rhine unaopita taratibu. Kati ya pande hizo mbili, mnamo Septemba 1944, zilipiganwa siku tisa ambazo hadi leo zinawaleta hapa watu wenye picha za zamani mkononi, wakimtafuta baba, ami au babu.

Habari ya vita hivyo ni maarufu, nami sitaieleza kwa urefu. Tarehe 17 Septemba majeshi ya Uingereza na Marekani yaliteremsha maelfu ya askari kwa miavuli na ndege zisizo na injini ili kuyateka madaraja ya Uholanzi. Daraja la mwisho lilikuwa la Arnhem. Takriban askari 10,000 walitupwa upande huu wa mto. Usiku wa kuamkia tarehe 26, waliovushwa kurudi ng'ambo hawakufika 2,500. Waliosalia walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa, wametekwa, au wamejificha katika nyumba za Waholanzi waliojua fika kwamba adhabu ya kumficha adui wa Ujerumani ilikuwa kifo.

Miongoni mwa vikosi hivyo kulikuwa na kimoja ambacho historia yake inawapa taabu maalumu wanaokitafuta: Batalioni ya 156 ya askari wa miavuli. Haikuzaliwa Uingereza. Iliundwa Delhi, India, mwaka 1941, kwa askari wa Kiingereza waliojitolea kutoka vikosi mbalimbali vya miguu vilivyokuwa vikikaa huko, na namba yake ya kwanza ilikuwa 151. Mwaka 1942 ilipohamishiwa Mashariki ya Kati ikapewa namba mpya ili kumpoteza adui. Ikapita Misri na Palestina, ikapigana Italia mwaka 1943, kisha ikafika Uingereza, nchi ambayo baadhi ya vijana wake hawakuwa wameiona kwa miaka mingi. Chini ya mwaka mmoja baadaye ikaruka Uholanzi. Baada ya Oosterbeek waliobaki walikuwa wachache mno hata kikosi hakikuundwa upya. Wakagawiwa vikosi vingine na namba 156 ikafutwa.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hilo kwa familia. Vikosi vikongwe vya Uingereza vina makao, vina mji wao wa asili na bendera zilizotundikwa kanisani. Batalioni ya 156 iliishi miaka mitatu tu. Mjukuu anayeuliza habari za babu yake hana mlango wa kubisha. Anaanza na telegramu moja iliyokunjwa, au beji, au neno "Arnhem" alilowahi kulisikia bibi akilitamka mara moja akanyamaza.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya kufuatilia, na wanaoijua wanaifanya kwa subira ya mtu anayehakiki sanadi, kiungo kwa kiungo. Kiungo cha kwanza ni namba ya jeshi. Katika jeshi la Uingereza la zama hizo, kila rejimenti ilikuwa na fungu lake la namba, na askari aliyehamia kwingine alibaki na namba yake ileile. Kwa hiyo namba ya kijana wa 156 hudokeza alianzia rejimenti gani kabla ya kujitolea kuruka. Kiungo cha pili ni faili lake la utumishi. Tangu mwaka 2022 mafaili hayo yamekuwa yakihamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, huko Kew, London. Kiungo cha tatu ni shajara ya vita, kitabu ambamo ofisa aliandika kila siku kikosi kilikuwa wapi na kilifanya nini. Aliyetekwa huwa na namba nyingine, ya kambi ya mateka. Na kuna mtego unaowanasa wengi: katika orodha za waliokufa, Rejimenti ya Miavuli mara nyingi hufuatwa na herufi A.A.C., na asiyejua hudhani mtu wake alikuwa rubani.

Karatasi zikishapatikana, watu huja kutazama ardhi. Mimi nilianzia Ginkel, karibu na mji wa Ede, uwanda mpana wa vichaka vifupi ambavyo mwishoni mwa kiangazi huchanua maua ya zambarau. Kuna zizi la kondoo pale, na upepo usio na kizuizi. Batalioni ya 156 iliangukia hapa alasiri ya tarehe 18, siku moja baada ya vikosi vya kwanza, ikiwa imecheleweshwa na ukungu katika viwanja vya ndege vya Uingereza. Siku hiyo moja ilikuwa na gharama kubwa. Wajerumani walikwishajua wavamizi wanatua wapi, nao walikuwa wakiwangoja wakati miavuli ilipofunguka.

Kutoka Ginkel waliifuata reli kuelekea mashariki hadi barabara iitwayo Dreijenseweg. Leo ni barabara ya kawaida kabisa, inayoteremka katikati ya msitu, na waendesha baiskeli hupita wakizungumza. Asubuhi ya tarehe 19 upande wake wa mashariki ulikuwa umejaa bunduki za rashasha na magari ya deraya. Makundi ya 156 yalipelekwa pale moja baada ya jingine, na moja baada ya jingine yakavunjwa. Kesho yake masalia ya brigedi walijikuta wamezingirwa katika bonde dogo msituni, pamoja na Brigedia John Hackett mwenyewe. Jioni wakatoka mbio wakiwa na singe kwenye bunduki, wakapenya hadi kwa wenzao waliokuwa wameizunguka hoteli ya Hartenstein. Luteni Kanali Sir Richard des Voeux, kamanda wa batalioni, hakufika, aliuawa. Hoteli hiyo sasa ni jumba la makumbusho ya vita hivyo.

Nilimkuta Dreijenseweg mzee mmoja na binti yake. Walikuwa na nakala ya ukurasa wa shajara na ramani waliyoichora kwa kalamu. Hawakuwa wakilia wala hawakuwa na haja ya kuzungumza na mgeni. Binti alihesabu hatua kutoka ukingo wa barabara, akasimama, akamwita baba yake kwa mkono. Wakakaa hapo kitambo, kisha wakaondoka kuelekea makaburini.

Makaburini kuna mawe zaidi ya 1,700, yote ya kimo kimoja, ya Meja kama ya askari wa kawaida, na upande mmoja wamelazwa Wapolandi. Zaidi ya mawe 200 hayana jina. Wasio na kaburi lijulikanalo majina yao yamechongwa mbali kidogo, kwenye kuta za ukumbusho wa Groesbeek. Tangu mwaka 1945, kila Septemba, watoto wa shule wa mji huu husimama nyuma ya kila jiwe wakiwa na maua, hata kwenye jiwe lisilo na jina. Wazee wa wazee wao ndio waliofukuzwa makwao mara baada ya vita kushindwa. Karibu watu 100,000 wa Arnhem na vitongoji vyake waliamriwa kuhama, wakaingia katika majira ya baridi ya njaa kali.

Maneno yanayochongwa juu ya mawe yasiyo na jina, kwamba aliyelala hapo anajulikana na Mungu, yalichaguliwa na mwandishi Rudyard Kipling, ambaye mwanawe pekee wa kiume alipotea vitani Loos mwaka 1915, akamtafuta asimpate. Nililisoma jiwe moja la namna hiyo nikakumbuka sanamu yetu ya Askari pale Dar es Salaam. Ilisimamishwa mwaka 1927, na maneno yake pia ni ya Kipling, nayo yanaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Lakini sanamu ile haina jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kiingereza cha ripoti hiyo ni cha upole mno kuliko jambo lenyewe.

Waliokufa katika Vita ya Pili walitendewa afadhali. Askari wa KAR waliopigana Burma na wasiopatikana wamo kati ya majina karibu 27,000 yaliyochongwa Taukkyan, nje ya Rangoon. Wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail, Februari 1944, wamo katika ukumbusho wa Nairobi. Orodha ya Tume hiyo inatafutwa bure, hata kwa simu ya mkononi. Mwenye kitabu cha babu cha kuachishwa jeshi, au barua, au medali, aanze na namba iliyopigwa chapa humo kabla ya jina, kwa sababu jina aliliandika karani kwa namna alivyolisikia: Shaaban yaweza kuwa Shabani, na Mwinyi yaweza kuwa Muinyi au Mwenyi. Tafuta tahajia zote, na wazee waulizwe sasa.